Taa ya Oili Haipimi Oili: Wajibu wa Dereva na Haki ya Mlaji

Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Morogoro alifika ofisini kwetu akiwa na bahasha yenye mkataba wa mauziano, stakabadhi ya benki na picha kadhaa za injini iliyofunguliwa. Miezi minne kabla ya siku hiyo alikuwa amenunua gari dogo aina ya Toyota IST kwa muuzaji wa magari yaliyotumika jijini Dar es Salaam. Alilinunua kwa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake, akamkabidhi mpwa wake alifanye teksi na kumletea hesabu kila juma. Asubuhi moja, gari likiwa limetoka Mikese kuelekea Morogoro mjini, lilianza kugonga kama nyundo juu ya chuma, likapoteza nguvu, likazimika. Fundi aliyeitwa alijaribu kuizungusha injini kwa spana, ikagoma. Ilikuwa imenoki.

Mwalimu alidai kwamba ameuziwa gari bovu na alitaka tumsaidie kurudishiwa fedha zake. Hoja yake kubwa ilikuwa moja, na aliirudia mara kadhaa. Mpwa wake alikuwa amemwapia, "Mjomba, taa haikuwaka." Kwa kuwa taa ya oili haikuwaka, yeye aliamini kwamba oili ilikuwepo, na kwa kuwa oili ilikuwepo, kosa haliwezi kuwa la mwendeshaji, ni la aliyeuza.

Tulishauri pande zote mbili zikubali injini ikaguliwe na fundi ambaye hakuteuliwa na upande wowote. Ndani ya injini inayohitaji lita 3.7, oili iliyopatikana haikutimia lita 1. Nje hapakuwa na dalili ya kuvuja. Beringi za krenki zilikuwa zimelika hadi kubadilika rangi kwa moto. Taa ya oili ilipojaribiwa ilionekana kuwa nzima kabisa. Hapo ndipo kijana, alipoulizwa kwa upole, aliposema jambo ambalo hakuwa amelisema mwanzo: kwa muda wa kama juma moja taa hiyo ilikuwa "inakonyeza" kwenye matuta na kwenye kona, kisha inazima. Alidhani ni waya uliolegea. Oili ilikuwa imebadilishwa mara moja tu tangu gari linunuliwe, na kuanzia siku hiyo lilikuwa limetembea zaidi ya kilomita 6,000 bila mtu yeyote kufungua boneti ili kuipima.

Hatukuweza kumpatia mwalimu yule alichokitaka. Lakini kabla ya kuondoka alituuliza swali ambalo tumeona ni haki ya kila mwenye gari kulipatia jibu: "Kama taa haikuwekwa ili inionye, basi iliwekwa ya nini?"

Taa huona nini

Chini ya injini kuna bakuli la chuma liitwalo sampu, ambamo oili hukaa. Pampu huivuta kutoka humo kupitia bomba lenye chujio lililozama, huisukuma kwenye filta, kisha kwenye vijia vyembamba hadi kwenye beringi za krenki na sehemu za valvu zilizo juu, halafu oili hutiririka yenyewe kurudi chini. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida wa safari, krenki huzunguka mara 50 kila sekunde. Kinachozuia chuma kisisuguane na chuma katika mzunguko huo ni utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikatika, beringi, ambazo zimetengenezwa kwa metali laini, huanza kulika, joto hupanda, na hatimaye vyuma hushikana kana kwamba vimechomelewa.

Ile taa nyekundu yenye mchoro wa kikopo cha oili na tone linalodondoka imeunganishwa na swichi ndogo iliyofungwa kwenye kimojawapo cha vijia hivyo. Swichi hiyo haijui kuna lita ngapi ndani ya sampu. Inachojua ni jambo moja tu: kama oili inayopita mbele yake inasukumwa kwa shinikizo, au presha kama wasemavyo mafundi, lililo juu ya kiwango fulani cha chini kabisa. Katika injini nyingi za petroli, shinikizo gari likiwa mwendoni huwa kati ya paundi 30 na 60 hivi kwa inchi ya mraba. Taa nayo haiwaki mpaka shinikizo lishuke hadi kati ya paundi 4 na 7.

Msomaji anayepima upepo wa matairi anaweza kuzielewa tarakimu hizo kwa urahisi. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa paundi 30 hivi. Tuseme lingewekewa taa ya tahadhari inayowaka upepo unapobaki paundi 5. Dereva anayeisubiri taa hiyo angekuwa ameshatembelea ringi kwa muda mrefu, na tairi limeshachanika, kabla ya kuonywa.

Sasa tufuate kinachotokea oili inapopungua. Injini ya lita 3.7 ikibakiwa na lita 2.7, mdomo wa pampu ungali umezama, pampu inavuta oili tupu, shinikizo ni la kawaida, na taa iko kimya. Taa haijamdanganya mtu, kwani haikuulizwa kuhusu kiasi. Hata hivyo, kiasi hicho kidogo ndicho kinachozunguka mara nyingi zaidi, kinachopata moto zaidi na kuchakaa haraka zaidi. Ikibaki lita moja na nusu hivi, gari likikata kona, likifunga breki ghafla au likipanda mlima mrefu kama Kitonga, oili husogea upande mmoja wa sampu na kuuacha mdomo wa pampu wazi. Pampu huvuta hewa kwa sekunde moja au mbili. Taa huwaka, gari hunyooka, oili hurudi mahali pake, taa huzima. Huko ndiko "kukonyeza" alikokuona yule kijana. Kila mkonyezo ulikuwa kipindi kifupi ambacho beringi zilifanya kazi bila oili, na kila kipindi kiliacha mkwaruzo wake.

Kwa hiyo jibu la swali la mwalimu ni hili: taa iliwekwa ili kumwambia dereva asimame. Haikuwekwa ili kumkumbusha kununua oili. Inapowaka gari likiwa mwendoni, dereva anatakiwa kutoka barabarani kwa usalama na kuzima injini papo hapo, apime, na asiwashe tena mpaka sababu ijulikane. Kulisogeza gari polepole hadi gereji iliyo mbele, jambo ambalo tunalisikia mara kwa mara katika maelezo ya walalamikaji, ndiko kunakoigeuza gharama ya kurekebisha kuwa gharama ya injini nzima.

Tuongeze kwamba taa hiyo haisemi lolote kuhusu ubora wa oili. Oili iliyochoka, iliyochanganyika na maji au iliyochakachuliwa inaweza kutoa shinikizo la kutosha kuizima taa huku ikiendelea kuila injini.

Baadhi ya magari mapya yana kifaa cha pili kinachopima kina cha oili, nacho huwasha taa ya rangi ya njano au huandika ujumbe kwenye dashibodi. Mengine yana taa ya kukumbusha matengenezo ambayo mara nyingi huhesabu kilomita tu, na fundi asipoirudisha sifuri huendelea kuhesabu kana kwamba hapakufanyika kitu. Yapo pia magari, hasa ya Ulaya, yasiyo na kijiti cha kupimia kabisa. Dereva hutakiwa kuagiza kipimo kupitia kioo cha dashibodi kwa utaratibu ulioandikwa katika kitabu cha gari. Mwenye gari la namna hiyo hajasamehewa kupima. Amebadilishiwa tu njia ya kupimia.

Hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Imani kwamba gari likishamwagwa oili na kuwekewa mpya halina haja ya kuangaliwa mpaka matengenezo yanayofuata imeenea sana, hata miongoni mwa madereva wazoefu. Imani hiyo hudhani kwamba oili huchakaa tu na haipungui. Ukweli ni kwamba kila injini hula oili kidogo. Sehemu hupenya kwenye ringi za pistoni na kuungua pamoja na petroli, sehemu hushuka kupitia sili za valvu, sehemu hugeuka mvuke. Watengenezaji wakubwa, Toyota wakiwa miongoni mwao, huandika katika vitabu vya mwongozo kwamba matumizi yanayofikia lita 1 kwa kilomita 1,000 yanaweza kuwa ndani ya mipaka inayokubalika kwao.

Tunamwomba msomaji aitafakari tarakimu hiyo. Gari la lita 3.7 linalokula lita 1 kwa kilomita 1,000, na ambalo mwenyewe hubadilisha oili kila kilomita 5,000, litakuwa limekauka kabla ya kufika kilomita 4,000, nalo bado liko ndani ya mipaka ya kitabu. Injini ya mwalimu haikuwa mbaya kiasi hicho. Fundi alikadiria kwamba ilikuwa ikila kama nusu lita kwa kilomita 1,000, kiasi ambacho hakitoi moshi wa kumshtua jirani. Lakini nusu lita mara sita ni lita 3, na 3.7 ukitoa 3 hubaki chini ya lita 1.

Teksi inayotembea kilomita 150 kwa siku humaliza kilomita 1,000 katika siku saba. Mtu anayelitumia gari lake kwenda kazini na kanisani au msikitini tu huenda akachukua mwezi mzima au zaidi kufikisha umbali huo. Ndiyo maana tunapoulizwa "nipime kila baada ya muda gani?" tunajibu kwa kilomita. Gari lolote lipimwe angalau kila kilomita 1,000 na kabla ya kila safari ndefu. Gari la biashara lipimwe kila juma, na lile ambalo limeshajulikana kuwa linakula oili lipimwe kila asubuhi.

Zipo injini ambazo zimejulikana duniani kwa ulaji wa oili. Mojawapo ni injini ya Toyota ya lita 2.4 iitwayo 2AZ-FE, ambayo nchini mwetu hupatikana katika magari kama Alphard na Harrier. Nchini Marekani kampuni hiyo iliweka utaratibu maalumu wa kuwahudumia wenye baadhi ya magari yenye injini hiyo yaliyolalamikiwa kwa kula oili kupita kiasi, na mteja hakuhudumiwa kwa maneno matupu: gari lake lilipimwa kwanza ili ithibitike limekula kiasi gani kwa umbali gani. Tutarejea kwenye jambo hilo la uthibitisho baadaye, kwa kuwa ndilo lililokosekana katika shauri la mwalimu.

Wenye bodaboda wasidhani kwamba hayawahusu. Pikipiki nyingi za biashara hubeba oili ipatayo lita 1 tu na hazina taa ya oili kabisa. Zina kijiti kilichoshikamana na kifuniko cha kujazia, au kioo kidogo ubavuni mwa injini. Nusu lita ikipungua humo, nusu ya oili yote imekwenda.

Namna ya kupima

Gari lisimame mahali tambarare. Injini izimwe na kuachwa kwa dakika 5 hadi 10 ili oili iteremke kwenye sampu. Wengi huona ni rahisi zaidi kupima asubuhi kabla ya kuliwasha. Kitabu cha gari kikiagiza injini ipate moto kwanza, kifuatwe kitabu. Kijiti cha kupimia, ambacho mafundi hukiita stiki, kivutwe, kifutwe kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, kirudishwe mpaka mwisho, kisha kivutwe tena na kusomwa pande zote mbili. Usomaji wa mara ya kwanza, kabla ya kufuta, hauaminiki, kwa kuwa oili hurukia juu ya kijiti gari linapotembea.

Kijiti kina alama mbili, herufi, vitundu au mikato, moja ya chini na nyingine ya juu. Oili inatakiwa kuwa kati yake, na ni vema ikaribie ya juu. Umbali baina ya alama hizo katika magari madogo aghalabu ni sawa na lita 1, katika baadhi ya injini zaidi kidogo. Kwa hiyo oili ikiwa kwenye alama ya chini, ongeza nusu lita, subiri, upime tena. Kuzidisha nako kuna madhara: krenki ikiifikia oili huipiga ikawa povu, na pampu haiwezi kusukuma povu vizuri, sili nazo huanza kuvuja.

Wakati kijiti kiko mkononi, tazama pia rangi na unuse. Weusi si ubaya, hasa katika injini ya dizeli, ambayo huitia oili weusi mara tu baada ya kubadilishwa. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba huenda maji ya rejeta yameingia, na gari hilo lisiwashwe mpaka fundi alione. Oili inayonuka petroli, au ambayo imepanda bila mtu kuongeza, ina kitu kingine ndani yake. Vichembe vinavyometameta kama unga wa fedha ni beringi zinazosagika.

Kuhusu oili ya kuongeza, iwe ya daraja lililoandikwa katika kitabu au kwenye kifuniko cha kujazia, mathalani 5W-30. Baadhi ya mafundi hushauri oili nzito zaidi ili kupunguza ulaji. Katika injini iliyochoka yawezekana ulaji ukapungua, lakini oili nzito huchelewa kufika juu asubuhi injini inapowashwa, na aliyeuza gari hawezi kulaumiwa kwa madhara ya daraja ambalo mtengenezaji hakuliagiza. Nunua kopo lenye lakiri isiyovunjwa na lenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, na udai risiti. Makopo matupu yakatwe au yatobolewe kabla ya kutupwa, kwa kuwa wapo wanaoyaokota na kuyajaza oili chafu iliyochujwa. Na kuna jambo dogo ambalo walaji wengi hulipuuza: ukinunua kopo la lita 4 kwa injini ya lita 3.7, kilichobaki ni mali yako. Usikiache gereji. Kiweke kwenye buti, kwani ndicho utakachoongeza mara ya kwanza kijiti kitakapokuonyesha upungufu.

Unaponunua gari lililotumika

Magari mengi yanayoingia nchini kutoka Japani huja na kitabu cha mwongozo kilichoandikwa Kijapani, kama kimekuja, na baadhi yake huonya kwa maandishi au sauti ya lugha hiyo hiyo. Mnunuzi ana haki ya kumtaka muuzaji amweleze maana ya kila taa na kila ujumbe, na daraja na kiasi cha oili vinavyotakiwa. Hilo lifanyike kabla fedha hazijatolewa.

Kisha ufanye jaribio ambalo halichukui dakika. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya oili inatakiwa kuwaka. Washa injini, taa inatakiwa kuzima katika sekunde chache. Kama haikuwaka kabisa swichi ilipofunguliwa, ama imeungua, ama kuna mtu ameichomoa waya, na usikubali kuambiwa kwamba "magari haya ndivyo yalivyo." Vuta kijiti mbele ya muuzaji, andika ulichokiona na idadi ya kilomita, na uombe aweke saini. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara, lakini anayedai amedanganywa hana budi kuonyesha aliambiwa nini na alikuta nini.

Mzigo huwa wa nani

Katika shauri la mwalimu kila mtu aliamini kwamba kupima ni kazi ya mwingine. Mwenye gari aliamini ni kazi ya dereva, kwa kuwa ndiye aliye nalo kutwa. Dereva aliamini ni kazi ya gereji, kwa kuwa ndiyo inayomwaga oili. Gereji ilisema, nayo kwa haki, kwamba gari halikuletwa tena. Muuzaji alisema alilikabidhi likiwa zima.

Msimamo wetu ni kwamba kupima oili ni wajibu wa anayeendesha, na kuhakikisha kwamba amepima ni wajibu wa mwenye gari. Vitabu vya watengenezaji huweka ukaguzi huo miongoni mwa kazi za mtumiaji, na masharti ya dhamana ya gari jipya kwa kawaida hayamlipi mtu ambaye injini yake imekufa kwa kukosa oili. Bima kubwa nayo kwa kawaida hufidia ajali, wizi na moto, haifidii ubovu wa mitambo. Anayemkabidhi kijana gari la biashara anapaswa kuliandika jambo hili katika makubaliano yao, pamoja na kusema ni nani atanunua oili ya kuongeza. Tumeona madereva ambao hawakuongeza oili kwa kuwa fedha ingetoka katika mfuko wao. Hatuwezi kuwalaumu wao peke yao.

Hayo hayamaanishi kwamba mlaji ndiye mkosaji daima. Gereji iliyoacha bolti ya kumwagia oili ikiwa imelegea inawajibika kwa oili iliyomwagika njiani, na ndiyo maana tunashauri kupima mara tu gari linapotoka matengenezoni, kabla ya kuondoka mlangoni, na tena baada ya kilomita chache. Duka lililouza oili ya kughushi linawajibika. Muuzaji aliyejua kwamba injini inakula oili na akasema haili, anawajibika vilevile.

Hapo ndipo shauri la mwalimu linapotuuma. Inawezekana kabisa kwamba injini ile ilikuwa ikila nusu lita kwa kilomita 1,000 tangu siku ya kwanza, na kwamba muuzaji alilijua hilo. Laiti kijana angepima kila juma na kuandika, kufikia juma la tatu wangekuwa na maandishi yanayoonyesha ulaji huo, gari likiwa zima na mauziano yakiwa bado mapya, na muuzaji angelazimika kujibu. Baada ya miezi minne ya teksi, na beringi zimeshaungua, hakuna fundi aliyeweza kusema ringi zilichakaa lini na mikononi mwa nani.

Daftari la shule la kurasa chache linatosha. Andika tarehe, kilomita, kijiti kilionyesha wapi, na umeongeza kiasi gani cha oili ya aina gani, kisha ubane risiti humo. Ukiona ulaji umezidi lita 1 kwa kilomita 1,000, au umeongezeka ghafla, mjulishe muuzaji kwa maandishi siku hiyo hiyo na ubaki na nakala.

Iwapo injini imekwisha kufa na unakusudia kuleta lalamiko, usiruhusu ifunguliwe kabla upande wa pili haujajulishwa na kupewa nafasi ya kumleta fundi wake. Oili iliyobaki kwenye sampu imwagwe ndani ya chombo safi, ipimwe mbele ya mashahidi na ihifadhiwe pamoja na filta. Usikubali fundi aitupe. Piga picha ya dashibodi inayoonyesha kilomita, ya kijiti, na ya sehemu ya chini ya injini kabla haijaoshwa. Uje na vitu hivyo, mkataba wa mauziano, risiti za matengenezo na lile daftari, na uje pamoja na aliyekuwa akiendesha, kwa kuwa swali la kwanza tutakalouliza litamhusu yeye: kijiti kilivutwa lini mara ya mwisho, na kilionyesha nini?